Parthenon: hekalu lililookolewa na waliolibadilisha

Tukipiga hesabu ya haraka, Parthenon imekuwa gofu la watalii kwa muda mfupi kuliko kazi yoyote kubwa iliyowahi kufanya. Ilikuwa hekalu la mungu wa kike Athena kwa zaidi ya miaka 900, kuanzia 438 KK. Kisha ikawa kanisa kwa miaka inayokaribia hiyohiyo, mpaka Waturuki walipoitwaa Athene katikati ya karne ya 15. Ikawa msikiti kwa zaidi ya miaka 200. Hali yake ya leo, ya nguzo tupu zenye kiingilio na walinzi, haijatimiza hata karne mbili: kikosi cha mwisho cha Dola ya Uthmaniya, yaani ya Waturuki hao, kilishuka kutoka Acropolis, kilima cha Athene ambako imesimama, mwaka 1833.

Namna kisa hiki kinavyozoeleka kusimuliwa, miaka yote hiyo ya katikati hupewa aya moja, tena ya masikitiko. Wagiriki walijenga, Wakristo wakachafua, Waislamu wakachafua zaidi, Waveneti wakalipua, na mwishowe wakaja wasomi wa Ulaya kuokoa kilichobaki. Mimi nakisoma tofauti. Hekalu lile limefika kwetu kwa sababu kila aliyeingia alilifanya lake, akabomoa hapa, akaziba pale, akaezeka upya. Na hizi karne mbili za kulipenda kama johari ya Wagiriki wa kale zimelipotezea mengi kuliko tunavyopenda kukiri.

Tuanze na fedha, maana wenyewe walianza nazo. Mwaka 480 KK Waajemi waliichoma Acropolis, pamoja na hekalu lililokuwa bado linajengwa mahali hapohapo. Waathene hawakuyatupa mawe ya nguzo zile. Waliyapanga kwenye ukuta wa kaskazini wa kilima, ambako mtu aliye mjini angeyaona kila akiinua macho na kukumbuka Waajemi walifanya nini. Yapo hadi leo. Hekalu jipya lilianza kujengwa 447 KK chini ya Pericles, kiongozi wa Athene, wasanifu wakiwa Iktinos na Kallikrates, na Phidias akisimamia kazi ya uchongaji. Marumaru ililetwa kutoka mlima Pentelicus, kilomita 16 hivi kutoka mjini. Nguzo za nje zilikuwa 46, kila moja zaidi ya mita 10 kwenda juu, na karibu hakuna mstari ulionyooka kabisa: sakafu imeinuka katikati kwa sentimita chache, nguzo zimeegemea ndani kidogo, za pembeni ni nene kuliko wenzake. Mafundi walifanya hivyo makusudi.

Hela zilitoka wapi? Kulikuwa na ushirika wa miji ya Kigiriki ulioundwa kupigana na Waajemi, na hazina yake ilikuwa kisiwani Delos. Mwaka 454 KK hazina hiyo ilihamishiwa Athene, na kuanzia hapo mipaka kati ya fedha za ulinzi wa wote na fedha za kuipamba Athene ikawa finyu sana. Plutarch, aliyeandika karne kadhaa baadaye, anasimulia kwamba wapinzani wa Pericles walilipigia kelele suala hilo barazani: washirika wanachangia vita, nanyi mnauvisha mji wenu vito kama mwanamke mwenye majivuno. Kilio cha michango ya wananchi kugeuzwa jengo la fahari ni cha kale kweli.

Ndani yake sasa. Sanamu ya Athena, ya dhahabu na pembe za ndovu, ilikuwa na kimo cha mita 12 hivi. Dhahabu yake ilitengenezwa iweze kuvuliwa, na vita na Sparta, mji hasimu wa Kigiriki, vilipokaribia, Pericles aliwaambia raia waziwazi kwamba mambo yakiwa mabaya wanaweza kuitumia, mradi wairudishe baadaye. Katika hekalu hilohilo zilihifadhiwa mali nyingine za mji, na orodha zake zilichongwa kwenye mawe hadharani. Ndiyo kusema lilikuwa hekalu, lakini pia lilikuwa benki kuu, ghala la nyara na tangazo la siasa. Anayedhani kuna wakati lilikuwa takatifu tupu, kisha watu wa baadaye wakalinajisi, anafikiria jengo lingine.

Na wa kwanza kulinajisi, kama tunataka neno hilo, walikuwa Wagiriki wenyewe. Mwishoni mwa karne ya 4 KK, jemadari Demetrius alipewa vyumba vya nyuma ya hekalu kuwa makazi yake, akakaa humo na makahaba. Miaka michache baadaye mtawala aitwaye Lachares aliivua sanamu dhahabu yake ili awalipe askari. Karne ya kwanza BK, Waathene wakambandika Kaisari Nero juu ya mlango wa mashariki kwa herufi za shaba. Herufi zenyewe ziling'olewa zamani, ila matundu ya misumari yake yapo kwenye jiwe, na ni kwa kuyafuatilia matundu hayo tundu kwa tundu wasomi walivyoweza kuyasoma upya yale maneno.

Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka Paulo akihubiri Areopago. Ni kilima cha mwamba kilicho karibu kabisa na lango la Acropolis, na hapo ndipo alipowaambia Waathene kwamba Mungu hakai katika majengo yaliyofanywa kwa mikono ya watu. Yaelekea aliyasema hayo akiwa na Parthenon mbele ya macho yake. Takriban miaka 450 au 500 baadaye, watu wa imani yake walilichukua jengo lenyewe na kuliweka wakfu kwa Bikira Maria.

Walivyolibadilisha inafaa tuangalie kwa karibu. Hekalu la Kigiriki lilifunguka mashariki, lakini kanisa linataka madhabahu mashariki. Basi wakaligeuza: upande wa mashariki wakajenga kibanda cha nusu duara cha madhabahu, na watu wakawa wanaingia kutokea magharibi. Madirisha yakatobolewa juu, hata kupitia ule ukanda maarufu wa michongo uliozunguka jengo kwa mita 160. Kisha wakapanda na patasi. Juu ya nguzo za nje palikuwa na vibao 92 vya mraba vya marumaru vyenye michongo ya vita: miungu na majitu, Wagiriki na Troya, na kadhalika. Vibao vya mashariki, magharibi na karibu vyote vya kaskazini vilitifuliwa mpaka sura zikapotea. Kimoja cha kaskazini, cha mwisho kwenye kona, kiliachwa. Kina mwanamke aliyeketi na mwingine amesimama mbele yake, na maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba Wakristo waliwaona kama Maria na malaika Gabrieli. Vibao vya kusini navyo havikuguswa. Huko ni ukingoni mwa jabali, watu walikuwa hawapiti sana. Hivyo vya kusini ndivyo, kwa sehemu kubwa, vilivyoko London sasa.

Uharibifu? Ndiyo, bila kumung'unya maneno. Ila wapiga patasi haohao na wajukuu zao ndio walioliezeka jengo na kulitunza kwa karne tisa. Mfalme Basil wa Pili wa Bizanti (Dola ya Rumi ya Mashariki), baada ya kuwashinda Wabulgaria mwaka 1018, alikuja mpaka Athene kumshukuru Mama wa Mungu katika kanisa hilo. Michael Choniates, msomi aliyetumwa kutoka Constantinople kuwa askofu mkuu mwaka 1182, aliukuta mji maskini na kulalamika barua baada ya barua kwamba Athene ya vitabuni na Athene aliyopewa havina uhusiano, lakini kanisa lake aliliona fahari. Na kwenye nguzo kuna maandishi zaidi ya 200 ya Kikristo yaliyokwaruzwa na watu wa kawaida na makasisi: dua, majina, tarehe za vifo vya maaskofu. Ukitaka daftari la waumini wa Athene ya zama hizo, ni hizo nguzo. Kwa ladha yangu zina thamani sawa na farasi wa ule ukanda wa Phidias, ingawa najua wapenzi wa sanaa watanirukia.

Waturuki nitawapitia kwa haraka, kwa kuwa hapa hadithi ya uharibifu ndipo inapokosa miguu. Waliligeuza kanisa kuwa msikiti, wakaongeza mnara wa adhana kwenye kona ya kusini magharibi juu ya mnara wa kanisa uliokuwepo tayari. Sanamu za nje wakaziacha. Evliya Çelebi, msafiri wa Kiuthmaniya wa karne ya 17, alilisifia jengo hilo kupita kiasi. Na mwaka 1674 balozi wa Ufaransa, Nointel, alipomleta mchoraji, sanamu nyingi za pembetatu za mbele na nyuma chini ya paa zilikuwa bado ziko juu. Waislamu walikuwa wameswali chini yake zaidi ya miaka 200.

Ili kujua matumizi yana nguvu gani, teremka kilimani ukaangalie majirani. Hekalu la Zeus wa Olimpo, kubwa kuliko Parthenon, lilikuwa na nguzo 104 lilipokamilishwa enzi za Kaisari Hadrian. Leo zimesimama 15. Halikuwa na mwenyewe wa kulitetea, basi likawa machimbo ya mawe. Mwaka 1759 gavana wa Athene aitwaye Tzistarakis alilipua nguzo kwa baruti apate chokaa ya kujengea msikiti wake, na kwa kosa hilo Waturuki wenyewe walimtoza faini na kumwondoa madarakani. Upande wa pili kuna hekalu la Hephaestus, la rika moja na Parthenon. Hilo lilikuwa kanisa la Mtakatifu George hadi miaka ya 1830, na ndilo hekalu la Kigiriki lililobaki zima kuliko karibu yote: nguzo zote za nje zimesimama na sehemu kubwa ya dari iko mahali pake. Huko Syracuse, kisiwani Sicily, hekalu jingine la Athena la karne ya 5 KK limo ndani ya kuta za kanisa kuu la mji, nguzo zake zinaonekana ukutani, na misa bado inasomwa.

Sasa pingamizi la haki: si matumizi hayohayo yaliyolilipua? Septemba 1687 jeshi la Venice chini ya Francesco Morosini liliizingira Acropolis. Waturuki walikuwa wameweka baruti ndani ya msikiti, na familia zao zimejificha humo. Jioni ya tarehe 26 kombora lilipenya paa. Watu wapatao 300 walikufa, kuta za ndani zikabomoka, nguzo za ubavuni pande zote mbili zikaanguka, na paa likaisha. Hapana njia ya kulikwepa hilo: jengo linalotumika huingizwa katika vita vya wanaolitumia. Aliyeweka baruti pale alicheza kamari na maisha ya watu wake, na aliyelenga alijua analenga nini.

Ila tazama kilichofuata. Morosini alitaka kuondoka na kumbukumbu ya ushindi, akaagiza watu wake washushe farasi na sanamu kubwa za upande wa magharibi. Vyombo vya kushushia vikakatika, sanamu zikaanguka na kuvunjika vipande. Ofisa mmoja aliokota vichwa viwili vya kibao cha kusini, ndivyo vilivyoko Copenhagen sasa. Waturuki waliporudi walijenga msikiti mdogo katikati ya gofu, lakini kuta na nguzo za nje zilikuwa hazimfai mtu tena. Hapo ndipo jengo lilipoanza kuliwa kidogokidogo: marumaru ikachomwa chokaa, vichwa na mikono vikauzwa kwa wasafiri. Lord Elgin, balozi wa Uingereza kwa Sultani, alikuta soko limeshafunguliwa. Watu wake walianza kazi mwaka 1801 wakiwa na barua ya ruhusa ambayo nakala yake ya Kituruki haijapatikana. Iliyopo ni tafsiri ya Kiitaliano. Walikata kwa msumeno migongo ya mawe ya ule ukanda ili yawe mepesi kusafirisha. Meli moja, Mentor, ilizama karibu na kisiwa cha Kythera mwaka 1802 na wapiga mbizi wakafanya kazi ya kuopoa makasha. Mwaka 1816 Bunge la Uingereza likanunua mzigo wote kwa pauni 35,000.

Elgin analaumiwa kila siku, na anastahili. Wasiolaumiwa ni waliokuja baada yake kwa nia njema. Mwaka 1834 msanifu Mjerumani Leo von Klenze alisimama Parthenon mbele ya Otto, kijana wa Bavaria aliyekuwa amefanywa mfalme wa Ugiriki, akatangaza kwamba mabaki yote ya ushenzi yataondolewa, hapo na kote nchini. Na yaliondolewa. Nyumba za Waturuki zilibomolewa, msikiti mdogo nao ukaenda miaka ya 1840. Mwaka 1875 ukavunjwa mnara mrefu wa zama za watawala kutoka Ulaya Magharibi uliosimama langoni, gharama zikilipwa na Heinrich Schliemann, yule mchimbaji wa Troya. Kati ya 1885 na 1890 udongo wote wa juu ya kilima ulichimbwa mpaka mwamba. Wakati wanamaliza, miaka zaidi ya 1,300 ya watu kuishi, kusali, kuzika na kupika juu ya Acropolis ilikuwa imezolewa, ibaki karne moja tu, ya Pericles. Kile tunachokiita Parthenon ya kale ni kazi ya karne ya 19.

London walikuwa na ugonjwa huohuo. Mwishoni mwa miaka ya 1930, British Museum, jumba la makumbusho lenye mawe ya Elgin, ilipokuwa ikiandaa ukumbi mpya uliolipiwa na Lord Duveen, mafundi waliyakwarua mawe kwa vyuma vya shaba na unga wa kusugulia ili yawe meupe, maana mfadhili alitaka weupe. Phidias hakuwahi kukusudia weupe huo. Sanamu zilipakwa rangi, na chembe za buluu ya Kimisri bado zinapatikana juu yake.

Hata ukarabati ulileta balaa. Wajenzi wa kale waliunganisha mawe kwa vyuma vilivyomiminiwa madini ya risasi pande zote, hivyo hewa na maji havikukifikia chuma. Mhandisi Nikolaos Balanos, aliyezisimamisha upya nguzo za kaskazini katika miaka ya 1920, alitumia vyuma vitupu. Vikashika kutu, kutu ikavimba, marumaru ikapasuka kwa ndani. Tangu 1975 kamati maalumu ya serikali ya Ugiriki imekuwa ikifumua kazi yake jiwe kwa jiwe na kuweka vyuma vya titani visivyoshika kutu. Kazi iliyochukua miaka 15 kujengwa imechukua zaidi ya miaka 40 kukarabatiwa.

Je, nasema basi mawe yabaki London? La. Karibu nusu ya michongo iliyosalia iko British Museum, na ni upuuzi farasi awe na kichwa nchi moja na miguu nchi nyingine. Jumba la makumbusho la Acropolis lilifunguliwa mwaka 2009, ukumbi wake wa juu umepangwa kwa vipimo vya hekalu lenyewe na kuelekezwa sawasawa nalo, na mapengo ya vipande vilivyoko London yamejazwa kwa nakala za plasta. Vatican ilirudisha vipande vyake vitatu mwaka 2023, na dunia haikuanguka. Lakini hoja ya kurudisha inayonishawishi ni ya jengo kuwa moja, si ya damu wala usafi wa Ugiriki ya kale. Na hapo Athene nayo ina la kujibu. Mwaka huohuo wa 2009 jumba hilo lilikata sehemu ya filamu fupi ya Costa-Gavras iliyoonyesha makasisi wakivunja sanamu za Parthenon, kwa kuwa Kanisa lilikuja juu, na likairudisha tu baada ya watu kupiga kelele. Anayedai kitu kizima asianze kukata vipande kwenye historia yake.

Upande wa London kikwazo si usomi, ni sheria. Sheria ya British Museum ya 1963 inawazuia wadhamini kutoa mali ya makumbusho ila kwa sababu chache mno. Ni sheria ileile inayogonga mlangoni kila Wapokomo wa Tana River, Kenya, wanapoulizia Ngadji, ngoma yao takatifu iliyochukuliwa na maofisa wa kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20 na kuwekwa ghalani humo. Njia ambayo sheria inaiacha wazi ni mkopo. Ugiriki haiwezi kutia saini ya kukopeshwa kitu inachosema ni chake, kwa sababu saini hiyo yenyewe ndiyo kukubali kwamba si chake. Novemba 2023 Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo, Rishi Sunak, alifuta mkutano na mwenzake wa Ugiriki, Kyriakos Mitsotakis, kwa sababu tu Mitsotakis alilizungumzia jambo hili kwenye televisheni. Mawaziri wakuu watabadilika, na wenyeviti wa makumbusho watakuja na majina mapya ya mkopo uleule. Wanaoweza kulimaliza ni wabunge wa Westminster, kwa kufungua sheria ya 1963 na kuipigia kura, na hakuna serikali ya Uingereza, ya chama chochote, iliyokwisha kuwapelekea muswada huo.